Kisu cha mashoto kutoka Kappabashi

Mama yangu ni mashoto. Naanza na hilo kwa sababu siku yangu nzima ya Asakusa, mtaa wa zamani wa Tokyo, tangu nilipopanda treni asubuhi hadi nilipovua viatu hotelini saa tatu usiku, niliizungusha kwenye mkono wake wa kushoto. Wenzangu niliokuja nao Tokyo kikazi walikuwa na orodha zao za simu, vipodozi na viatu. Mimi nilikuwa na ahadi moja tu: kumpelekea Mama kisu.

Mama alifundishwa tangu mdogo kwamba mkono wa kula ni wa kulia, na hakufundishwa kwa upole. Kwa hiyo anakula kwa kulia, anatoa na kupokea kwa kulia. Lakini mpe kitunguu na kisu, kisu kinahamia kushoto chenyewe. Amepikia watoto sita na misiba na harusi zisizohesabika kwa mkono huo, na sikumbuki hata siku moja mtu kumuuliza kama kisu anachokishika kinamfaa.

Kutoka Ueno nilichukua laini ya Ginza ya treni ya chini ya ardhi. Kipande hicho cha Ueno hadi Asakusa, kilomita 2.2, ndicho kilichofunguliwa tarehe 30 Desemba 1927, na ndiyo reli ya kwanza ya abiria ya chini ya ardhi katika Asia nzima. Ni vituo vitatu tu. Kwenye ngazi za umeme watu wote walisimama upande wa kushoto, kulia wakawaachia wenye haraka. Nikasema moyoni, hapa Mama angejiona yuko kwao.

Ukitoka juu, kabla hujakaa sawa unakutana na lango la Kaminarimon, yaani Lango la Radi, na lile kandili jekundu linaloning'inia katikati. Picha zake umeziona. Ambacho picha hazikuambii ni ukubwa wake: urefu mita 3.9, uzito kama kilo 700, na watu wanapita chini yake kama sisimizi chini ya embe. Pita nawe, halafu usimame uinue kichwa. Chini ya kitako cha kandili kuna joka lililochongwa kwenye mbao, amejikunja duara, na wengi wanampita bila kumwona kwa sababu wanahangaika na kamera. Lango la zamani liliungua mwaka 1865 na mahali pake pakakaa wazi miaka 95. Lililopo sasa lilijengwa 1960 kwa mchango wa Konosuke Matsushita, mwanzilishi wa kampuni ambayo leo tunaiita Panasonic. Jina la kampuni yake limeandikwa kwenye bamba la shaba chini ya kandili, kwa adabu, bila kupiga kelele.

Ndani ya lango kunaanza Nakamise, njia ya kama mita 250 yenye maduka karibu 90 yaliyobanana pande mbili. Nilifika mapema, nusu ya milango ilikuwa bado imefungwa, na nawashauri mfanye hivyo hivyo, maana milango yenyewe imechorwa picha za misimu na sherehe za mtaa huo, na yakishafunguliwa huzioni tena. Kufikia saa nne palikuwa hapapitiki. Kila mlango sauti ya "irasshaimase", karibuni, karibuni, na harufu ya mchele unaochomwa na mchuzi wa soya. Nilinunua kipande kimoja cha senbei, ule mkate mkavu wa mchele, kikiwa bado kinatoa mvuke. Nikaanza kutembea nacho. Muuzaji, mama wa makamo, akaniita kwa mkono na kunionyesha pembeni ya duka: kula hapa. Ndivyo wanavyoomba pale, ule mbele ya duka ulikonunua, ukimaliza karatasi unamrudishia mwenyewe, maana mapipa ya taka barabarani ni kutafuta kwa tochi. Nilisimama pale nikala taratibu, na nakiri kwamba kitu kile kilikuwa kitamu zaidi kwa sababu nilisimama.

Nilinunua pia tenugui, kitambaa chembamba cha pamba, upana kama sentimita 35 na urefu 90, chenye michoro ya mawimbi. Kingo zake mbili fupi hazikupindwa wala kushonwa. Nilidhani ni kasoro, nikamwonyesha dada wa dukani. Akanieleza kwa ishara, akikamua hewa: maji hayabaki kwenye pindo, kitambaa kinakauka haraka. Nilipotaka kumpa pesa mkononi akasukuma kisahani kidogo mbele yangu. Pesa zinawekwa kwenye kisahani, chenji inarudi kwenye kisahani, na risiti juu yake. Siku ya tatu mkono wako unazoea, unaanza kukitafuta kisahani kabla ya kutoa pochi.

Hekalu la Senso-ji liko mwisho wa njia. Inasimuliwa kwamba mwaka 628 ndugu wawili wavuvi walivua sanamu ya Kannon, mwenye huruma wa dini ya Buddha, kwenye mto Sumida, ulio dakika chache tu kutoka hapo, na ndio mwanzo wa mahali pale. Jengo unaloliona si la kale hivyo. La zamani liliteketea katika mashambulizi ya ndege ya tarehe 10 Machi 1945, na hili lilikamilika 1958. Nilijua hayo kabla ya kwenda, lakini kuyajua ni kitu kimoja na kusimama pale ukiwaangalia wazee wa umri wa kuweza kukumbuka ule moto ni kitu kingine. Dini yangu ni nyingine, kwa hiyo nilikaa pembeni ya ngazi nikiwapisha. Mbele yangu bibi mmoja aliyepinda mgongo alifungua kijaluba chake, akachagua sarafu kwa kidole kama anayechagua punje za mchele, akazirudisha za fedha akatoa moja ya rangi ya dhahabu yenye tundu katikati. Yeni 5. Akaitupa sandukuni, akainamisha kichwa. Nikajiuliza kwa nini aliacha kubwa akachukua ndogo ile. Jibu nililipata alasiri, mahali nisipotarajia.

Kutoka hekaluni nilikwenda magharibi kwa miguu, kama dakika kumi na tano kwa mwendo wangu wa kuangalia huku na huku, mpaka nilipokiona kile kichwa. Juu ya ghorofa ya kona ya barabara kuna kichwa kikubwa cha mpishi, masharubu na kofia nyeupe. Ukikiona ujue umefika Kappabashi. Hapa ndipo wenye migahawa wa Tokyo wanaponunua kila kitu isipokuwa chakula: mtaa wa mita 800, maduka kama 170, toka mwanzoni mwa karne iliyopita. Duka moja ni mabakuli tu. Jingine ni mapazia ya mlangoni tu. Jingine vijiti tu, vya mbao za kila rangi, na mwenye duka ana habari na kila mti. Niliona duka la vibandiko na mabango ya menyu, na duka la mashine za kusaga kahawa ambamo vijana watatu walikuwa wanabishana kwa sauti za chini kama wamo maktaba. Kama umewahi kupika kwa ajili ya watu, moyo utakudunda.

Nilikaa sana kwenye duka la vyakula vya bandia, vile vinavyowekwa kwenye madirisha ya migahawa. Niliinama nikaangalia bakuli la tambi likiwa na vijiti vimesimama hewani vimeinua tambi, na mchuzi umeganda ukiwa bado na viduara vya mafuta juu. Sehemu moja ya yai ilikuwa imeiva kuliko nyingine. Mtu alikaa akaamua hilo! Biashara hii aliikuza Takizo Iwasaki, aliyeanza Osaka mwaka 1932 akitumia nta; siku hizi ni plastiki. Lakini ile njia ya nta bado wanaionyesha: unamimina nta ya manjano kwenye maji ya uvuguvugu kutoka juu, inatapakaa kama povu, unaweka kamba wa bandia katikati unamkunja, na mkononi unatoa kamba wa kukaanga. Ya kijani unaivuta chini ya maji inakuwa jani la saladi lenye mikunjo yake. Bei zake si za mchezo, kipande kidogo tu cha kuning'iniza funguo kinazidi bei ya chakula chenyewe, na baada ya kuona kazi ile sikuona wanazidisha.

Visu niliviacha mwisho kwa makusudi. Japani sheria haikuruhusu kutembea na kisu chenye makali ya zaidi ya sentimita 6 bila sababu ya msingi, kwa hiyo ukinunua kifungwe vizuri na ukipeleke moja kwa moja unakolala.

Duka nililoingia lilikuwa jembamba, ukuta mzima visu, kimya. Mzee wa duka aliniacha niangalie. Nilipoonyesha kimoja chenye mawimbi mazuri kwenye bapa lake, hakukitoa. Alichukua simu yake, akasema maneno, simu ikasoma kwa Kiswahili kilichopinda kidogo: "Mtu anayetumia, mkono upi?"

Nilisimama kimya. Nilikuwa nimejiandaa kueleza, nimetafuta hata neno la Kijapani la mashoto, na yeye ameuliza kabla sijafungua mdomo. Nikainua mkono wangu wa kushoto nikasema, Mama.

Akakitia pembeni kile nilichokitaka. Akatoa kisu cha samaki na kipande cha figili nyeupe, ile daikon ndefu kama mkono. Akanionyesha makali kwa karibu: upande mmoja umenolewa kwa mteremko, upande wa pili uko bapa. Hivyo ndivyo vilivyo visu vingi vya asili vya Kijapani vya samaki, na mteremko uko upande wa mtu wa mkono wa kulia. Akakishika kwa kulia akakata kipande, kikaanguka chembamba sawasawa. Akahamishia kushoto, akakata tena. Kisu kikakimbilia pembeni, kipande kikatoka kinene juu chembamba chini. Akaviweka vipande viwili ubaoni mbele yangu, asiseme kitu. Nikaviangalia nikakumbuka Mama akilalamika kwamba kisu fulani "hakinisikii".

Vya mashoto vipo, lakini vinatengenezwa kwa oda na bei yake inapanda. Basi akanishushia santoku, kisu cha nyumbani cha kazi tatu, nyama, samaki na mboga, ambacho kimenolewa pande zote mbili. Hapo pia hakunipa tu. Mpini wa kwanza ulikuwa na tuta upande mmoja, ukiushika kwa kulia unalala kwenye vidole, ukiushika kwa kushoto unakuchoma. Akaurudisha. Wa pili ulikuwa wa pembe nane, hauna kulia wala kushoto. Akauliza Mama anaishi wapi. Pwani, nikasema, karibu na bahari. Akarudisha na hicho! Chuma kile cha kaboni kinakata kama wembe, ila hewa ya chumvi ingekila kutu Mama asipokifuta kila mara. Tukaishia kwenye santoku ya chuma kisichoshika kutu, mpini wa pembe nane, urefu wa makali sentimita 17.

Swali la tatu: nani atakinoa? Nikamwambia ukweli, kwetu tunanolea kwenye ukingo wa ngazi ya saruji. Simu ilipomsomea alifumba macho kidogo. Halafu akatoa kinoo cha namba 1000, akakizamisha kwenye beseni la maji mpaka viputo vikaacha kutoka, akanikalisha kwenye kigoda. Unaulaza mgongo wa kisu karibu na jiwe, uwazi wa kupita sarafu mbili zilizobebana, unasukuma na kuvuta bila kubadilisha huo mlalo. Maji yanageuka tope la kijivu, usilioshe, ndilo linalofanya kazi. Baada ya muda unapitisha kidole gumba kutoka mgongoni kuelekea nje, kamwe si kwa urefu wa makali, unasikia kijikwaruzo kidogo upande wa pili. Ukikisikia, geuza. Nilikisikia mara ya tatu, naye akaona usoni mwangu, akacheka kwa furaha kuliko mimi.

Bei: kisu yeni 15,000, kinoo yeni 3,000, kabla ya kodi ya asilimia 10. Kwa mgeni anayenunua vitu vya kuanzia yeni 5,000 dukani na ana pasipoti yake mkononi, duka lenye ruhusa lilikuwa linaondoa kodi hapo hapo, kwa hiyo nililipa 18,000 kamili. Beba pasipoti yenyewe, picha kwenye simu hawaikubali. Nilijaribu kupunguziwa, ulimi umezoea. Akatabasamu akatikisa kichwa. Bei ni bei, na baada ya saa nzima ya kazi aliyonifanyia niliona haya kurudia.

Kabla ya kufunga akauliza kama nataka jina. Nikasema aandike "Mama". Akaandika kwenye karatasi kwa herufi zao za katakana: ママ. Herufi moja imerudiwa mara mbili, mistari miwili kila moja. Akanyanyua macho akasema, "Mama?" akajionyesha kifuani, kwa maana kwamba kumbe na watoto wa Kijapani wanamwita mama hivyo hivyo. Akakilaza kisu kwenye gogo, akachukua tindo nyembamba na nyundo ndogo, akaanza kugonga. Haikuwa mistari ya kukwaruza. Kila pigo lilikuwa nukta, nukta zikafuatana zikawa mstari, na vumbi la chuma likawa linang'aa kwenye kucha zake. Mistari minne, dakika chache. Alipomaliza alipuliza, akafuta kwa kitambaa, akakigeuzia kwangu kwa mikono miwili, mpini ukinielekea mimi.

Akaniagiza mambo matatu, akihesabu kwa vidole: kisikate mfupa, kisikate kitu kilichoganda barafu, kisioshwe kikaachwa majini. Kwenye ndege kiingie kwenye sanduku la chini, si mkobani. Ndipo akafungua droo akatoa sarafu ya yeni 5, akaichomeka kwenye boksi pamoja na kisu. Ile ile ya dhahabu yenye tundu. Yeni tano, kwa Kijapani, ni "go-en", na matamshi hayo hayo ni neno la uhusiano unaowaunganisha watu, kwa heshima. Kuna wanaoogopa kwamba kumpa mtu kisu ni kukata undugu, kwa hiyo sarafu inakwenda nacho kushikilia. Nikamkumbuka yule bibi na kijaluba chake.

Nilikipeleka kisu hotelini, nikarudi Asakusa jioni mikono mitupu, maana bahati yangu siku ile ilikuwa ya Tori-no-Ichi, soko la siku ya Jogoo ya kalenda yao ya kale, linalofanyika Novemba kwenye hekalu la Otori na jirani yake Chokokuji. Linaanza usiku wa manane na kwisha usiku wa manane unaofuata. Huko wanauza kumade, reki za mianzi zilizopambwa sarafu, samaki, vinyago na mashuke ya mpunga, za kukusanyia heri ya biashara. Taa ni mamia, kuta nzima za reki mpaka juu ya kichwa, na msongamano wa kukubeba bila kutembea. Na huku, jamani, wanapatana bei! Nilitaka kulia kwa furaha. Kadogo kalikuwa yeni 3,000, nikavutana na kijana mwenye shati la sherehe mpaka 2,500. Kisha mzee aliyesimama karibu nami akaninong'oneza kwa Kiingereza kidogo kwamba desturi ni kushusha bei, halafu unalipa ile ya mwanzo na kuiacha tofauti kama zawadi. Nililipa 3,000. Jirani yangu alikuwa amenunua reki kubwa kuliko mwanawe, wauzaji wote wa kibanda wakakusanyika wakampigia makofi kwa mpigo mmoja, na mimi nikapiga nao.

Saa tatu usiku huku ni saa tisa alasiri nyumbani. Nilimpigia Mama kwa video.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

Nikamwonyesha boksi, kisha kisu, kisha jina lake. Akaniambia nisogeze, nirudishe nyuma, nisogeze tena. Nikamweleza habari ya vipande viwili vya figili, kimoja sawa na kimoja kimepinda. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani mtandao umekatika.

"Kwa hiyo vilikuwa visu," akasema.

"Vilikuwa visu, Mama."

Akageuka akaita jikoni kwa sauti, na nikasikia masufuria yakisimama.

"Mwenzenu nanunuliwa kisu Japani. Kikifika, mtu wa kulia asikiguse!"